Dakika Arobaini za Nyumba Ile

Nyumba ya Fundi ilikuwa na kila kitu isipokuwa nafasi. Ukiingia tu mlangoni unapokewa na redio tatu zilizovuliwa migongo, feni isiyo na mapanga, ndoo ya nyaya, na televisheni ya mteja mmoja aliyehama mji bila kuaga. Meza ya kulia ilikuwa ya kulia upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa wa kazi, umejaa skrubu na bisibisi ambazo Fundi alizitafuta kila siku huku amezishika mkononi. Kitana kilikaa kwenye glasi ya vijiko, na vijiko vilikaa popote vilipochoka. Ndala ya kushoto ungeikuta chini ya kochi. Ya kulia Mungu ndiye ajuaye.

Katika nyumba hiyo ndimo alimoolewa Bi Stoo. Jina hilo alipewa na wauguzi, maana kwa miaka kumi na saba alikuwa ametunza stoo ya hospitali: mashuka, glavu, sabuni, mabomba ya sindano, kila kitu na rafu yake, kila rafu na kadi yake. Umeme ukikatika aliweza kuingia humo akipapasa na kutoka na bandeji ya upana ule ule ulioutaka. Aliolewa akiwa na miaka arobaini na moja, wakati ambao mashoga zake walikuwa wamekwisha kukata tamaa kwa niaba yake. Fundi, mgane mwenye mabinti wawili, alikuja hospitalini kutengeneza friji ya dawa. Friji ilipona siku ya kwanza, lakini yeye aliendelea kuja kuikagua kwa miezi mitatu, na wenye midomo yao wakasema waliyosema.

Vurugu ya nyumba haikumtisha. Alijua kwamba vurugu ni kazi tu, na kazi hakuwahi kuiogopa. Kilichomkosesha raha ni adabu ya wale watoto.

Walikuwa na adabu mno. Binti mkubwa, wa miaka kumi na tisa, mrefu na mkavu wa maneno, ndiye aliyekuwa ameishika nyumba tangu mama yake afariki miaka minne nyuma. Huyo alimwamkia Bi Stoo asubuhi kwa goti, akampakulia chakula wa kwanza, akampa taulo iliyokunjwa. Mdogo, wa miaka minane, aliitwa Kifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti la baba yake na nyumba nzima ikakisubiri siku tatu. Huyo naye, akitaka kupita mbele ya Bi Stoo, alisimama kwanza akaomba njia. Wote wawili walimwita “mama mdogo”, kama walivyoagizwa na baba yao, lakini kwa sauti ile ambayo mtu huitumia kusoma jina lililoandikwa juu ya bahasha.

Wenyewe kwa wenyewe walikuwa watu wengine kabisa. Bi Stoo akiwa bafuni aliwasikia wakigombania rimoti, wakiitana majina ya wanyama, Fundi akiimba kwa sauti mbaya na mabinti wakimzomea. Akisukuma mlango na kutoka, kelele zinakatika. Mtu anampisha kwenye kochi zuri. Mtu anapunguza redio. Ilikuwa miezi mitano sasa, na kila mara mlango ule ulipofunguka na kelele zikakatika, Bi Stoo alijisikia vibaya, tena vibaya sana.

Hakumwambia mtu. Jambo jingine ambalo hakumwambia mtu ni kwamba chumba chake cha zamani, kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali, alikuwa bado hajakirudisha. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, sakafu inang'aa, na kitu ukikiacha mahali asubuhi unakikuta hapo hapo jioni. Mara mbili, mchana wa kazi, alikwenda akakaa kitandani robo saa, akarudi stoo.

Sasa msimamizi wa nyumba za wafanyakazi alikuwa amemjia juu, kwa upole wake.

“Bi Stoo, dada yangu, hebu niambie. Nikuwekee au nimpe mwingine? Nina muuguzi mgeni analala sebuleni kwa shemeji yake, na shemeji ameanza kukohoa kila akimwona.”

“Nipe wiki moja.”

“Mwisho Jumamosi saa sita mchana. Nitakupigia mwenyewe.”

Hakuwa na nia ya kumwacha mume. Fundi alimpenda, na upendo huo hakuutilia shaka hata siku moja. Ila alitaka awe na mahali duniani ambapo yeye si mgeni. Basi akajiwekea nadhiri moyoni: wiki hii ataangalia. Wasipobadilika, chumba atakiweka, na atakuwa anakwenda kulala huko siku za zamu, mbili tatu kwa wiki, kisha labda nne. Mambo ya namna hiyo huanza hivyo hivyo, naye alilijua hilo.

Jumamosi hiyo hiyo binti mkubwa alikuwa na usaili katika chuo cha ufundi. Aliomba fani ya umeme. Nafasi zilikuwa ishirini na waombaji zaidi ya mia, na alikuwa akizungumzia usaili huo hata usingizini. Saa mbili kamili asubuhi awe getini. Kutoka nyumbani ni mwendo wa dakika hamsini kwa miguu, kwa hiyo aondoke saa moja.

Bi Stoo alitaka kumsaidia, lakini umsaidie vipi mtu anayekujibu “asante, usijisumbue” kabla hujafungua mdomo? Ijumaa jioni, Fundi akiwa kwa mteja na mabinti wamekwenda kwa jirani kuazima viatu vyeusi, alibaki peke yake sebuleni. Macho yake yakaenda kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa ya duara, kioo kina ufa, imetundikwa juu ya mlango wa jikoni. Tangu aingie katika nyumba ile alikuwa ameiona inakwenda mbele, na kila alipoiona alisikitika. Nyumba ya fundi, saa mbovu! Yeye mwenyewe alifuata saa ya simu yake, lakini wale maskini walikuwa wakiitazama ile kutwa nzima.

Akapanda juu ya stuli. Akalinganisha na simu. Dakika arobaini! Akafungua kioo, akaushika mshale, akaurudisha polepole mpaka ukakaa sawasawa na simu, akafuta kioo kwa pindo la gauni, akashuka. Akairudisha stuli mahali pake, yaani katikati ya njia. Alijisikia vizuri kama siku za kumaliza kuhesabu rafu zote na kukuta hakuna hata glavu moja iliyopotea. Hakutaka kujisifu, alitaka waione wenyewe.

Hawakuiona. Jioni ile Fundi alirudi, akala, akatazama ukutani, akajinyoosha, akawasha redio asikilize habari. Akakuta zimekwisha, wanapiga muziki.

“Siku hizi wanazisoma mbiombio,” akasema, akazima.

Bi Stoo akashangaa kidogo, akaendelea kutoa vyombo.

Asubuhi aliamka mapema, akakoga, akaenda uani kwenye bomba kufua. Alisikia vikombe ndani, akamsikia binti mkubwa akimwimbia Kifungo wimbo wa kumchokoza, hana haraka wala wasiwasi. Akajisemea moyoni, huyu leo kaamka alfajiri, safi kabisa. Akaendelea kufua. Alifua shuka mbili na sare yake ya kazi, akaziminya, akaanika. Alipokuwa anabana kibanio cha mwisho ndipo binti mkubwa akatokea mlangoni, amevaa sketi nyeusi na shati jeupe, faili mkononi.

“Mama mdogo, shikamoo. Mimi ndiyo naondoka. Niombee.”

“Marahaba. Umesahau nini?”

“Sijasahau kitu.”

“Si ulikwishaondoka, ukarudi?”

“Hapana. Ndiyo naondoka sasa. Saa moja hii.”

Bi Stoo akakausha mkono kwenye gauni, akatoa simu mfukoni. Saa moja na dakika arobaini na mbili. Akaitazama mara mbili, kisha akamwonyesha.

Binti aliitazama simu. Akageuka akakimbilia ndani, Bi Stoo nyuma yake. Saa ya ukutani ilisema saa moja na dakika arobaini na mbili.

“Si umeona?” Bi Stoo akasema. “Ziko sawa.”

“Ziko sawa?” Sauti ya binti ilipanda ghafla. “Kwa nini ziko sawa? Nani kaigusa hii saa?”

Fundi, aliyekuwa ameinamia redio, akainua kichwa. Kifungo akaacha kutafuna.

“Mimi. Jana. Ilikuwa mbele dakika arobaini, nikairekebisha.”

“Lakini inatakiwa iwe mbele dakika arobaini! Kila mtu anajua!”

“Mimi sijui,” Bi Stoo akasema.

Hapo Kifungo, ambaye alipenda sana kueleza mambo, akaeleza. Mama alianza na tano, ili Baba asichelewe kwa wateja. Baba akazizoea. Mama akaweka kumi. Baba akazizoea. Akaweka ishirini, akaweka thelathini, na zilipofika arobaini Mama akachoka, akasema basi, tokea leo kila mtu atoe arobaini mwenyewe kichwani. Kwa hiyo ukiona saa moja na arobaini, ni saa moja. “Mimi nilijifunzia hapo hesabu za kutoa,” Kifungo akamalizia.

Kumbe ndiyo maana habari za redio zilimtoroka Fundi. Watu watatu wenye akili zao walikuwa wametoa dakika arobaini kwenye saa iliyokuwa sahihi, na wangeendelea kuzitoa mpaka siku ya kiyama.

“Hakuna aliyeniambia,” Bi Stoo akasema. Miezi mitano!

Fundi akaweka bisibisi chini. Simu ya binti, ambayo ingeweza kuwaokoa, ilikuwa mbele yake mezani vipande vipande tangu Jumatano, inangoja kioo.

“Nimekwisha,” binti akasema. Machozi yakamlengalenga. “Nimekwisha mimi!”

Bi Stoo hakungoja zaidi. Alimkamata mkono, akaingiza miguu kwenye ndala za kwanza alizozikuta mlangoni, wakatoka mbio. Penye kona palikuwa na pikipiki moja, dereva wake anakula karanga. Wakapanda wote wawili, binti katikati, Bi Stoo nyuma, na dereva akaambiwa chuo cha ufundi, haraka, karanga atazila mbele ya safari. Barabara kuu ilikuwa imefungwa, wanaziba mashimo, ikabidi wazunguke kwa nyuma ya soko, wakikwama kila hatua kati ya mikokoteni. Bi Stoo alimshika binti kiunoni asianguke. Aliwaza kwamba amemharibia mtoto wa watu maisha kwa sababu ya kupenda kunyoosha vitu. Aliwaza pia kwamba leo saa sita msimamizi akipiga simu, jibu analo.

Walifika saa mbili na dakika kumi na nne. Geti limefungwa. Mlinzi aliwatazama kuanzia juu mpaka chini, na alipofika chini akakawia. Bi Stoo akafuata macho yake. Alikuwa amevaa ndala ya bluu mguu wa kulia, na ya kijani mguu wa kushoto, tena ya kijani ilikuwa ya Kifungo, kisigino kizima kiko nje. Yeye, Bi Stoo, ambaye hajawahi kutoka nje na kifungo kisichofungwa.

“Saa mbili imepita,” mlinzi akasema.

“Tunajua, kaka yangu. Tunaomba tu tuonane na mhusika.”

Mlinzi alivuta pumzi, akaenda, akarudi na karani, mwanamama mnene mwenye miwani na orodha mkononi.

“Ninyi ndio mmechelewa?”

“Mimi, mama,” binti akasema. “Shikamoo.”

“Marahaba. Sababu?”

Bi Stoo alikuwa tayari amejipanga: ugonjwa wa ghafla, barabara, lolote lile. Lakini binti alimtangulia. Alinyoosha kidole nyuma bila hata kugeuka.

“Mama yangu ametengeneza saa,” akasema kwa uchungu.

Karani akasubiri. “Ametengeneza ikaharibika?”

“Hapana. Ametengeneza ikawa sawa. Ndiyo nikachelewa.”

“Saa imekuwa sawa, ndiyo ukachelewa.”

“Ndiyo. Kwetu iko mbele dakika arobaini, na sisi tunatoa. Sasa yeye karudisha, hakusema. Na mimi nikatoa. Ndivyo alivyo, mama, hawezi kuona kitu kimekaa vibaya akakiacha! Juzi kanipangia madaftari kwa urefu!”

Alisema yote hayo kwa pumzi moja, kwa hasira kavu isiyo na chembe ya adabu, kama mtoto anavyomshtaki mzazi wake kwa shangazi. Bi Stoo, hatua tatu nyuma, alisimama na ndala zake za rangi mbili, akashtakiwa. Alitakiwa aone aibu, na kweli aliiona. Lakini ndani kabisa ya aibu hiyo alikuwa na furaha, furaha tupu, hata akalazimika kutazama pembeni.

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimtazama Bi Stoo kwa muda.

“Ya nyumbani kwangu iko mbele robo saa tu,” akasema. “Na wanangu wamekwisha kunishtukia. Namba yako ngapi, binti?”

“Thelathini na moja.”

“Tuko namba mbili. Pita ukae, unyamaze. Wewe mama, benchi lile pale.”

Kwa hiyo binti hakuwa amechelewa chochote. Bi Stoo alikaa kwenye benchi kwa muda wa karibu saa nne. Hakuwa na kitabu wala la kufanya, alihesabu tu madirisha ya karakana, na mlinzi alimletea maji bila kuombwa.

Ilipokaribia saa sita binti akatoka. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akakaa kwa kishindo, akavua viatu vya kuazima.

“Vimenitoa roho hivi. Nishikie.”

Akamwekea Bi Stoo mapajani viatu, faili na soksi, akaanza kujikanda vidole. Hakusema samahani, hakusema naomba.

“Imekuwaje?”

“Majibu wiki mbili. Wameniuliza kifaa kikiletwa kibovu unaanza na nini. Nikasema unaanza kumuuliza mwenyewe ni nani aliyekigusa mara ya mwisho.”

“Ukasema hivyo?”

“Wakacheka wote. Si ndivyo Baba anavyofanya?” Akamkazia macho. “Na nyumbani ile saa unairudisha.”

“Nitairudisha. Lakini ile ndoo ya nyaya inatoka sebuleni.”

“Ndoo haitoki. Baba anaijua kila waya kwa jina.”

“Basi ataitembelea uani.”

“Mama, usianze!”

Simu ikaita mfukoni. Mikono ya Bi Stoo ilikuwa imejaa, ikabidi binti aichomoe na kumwekea sikioni. Ilikuwa sauti ya msimamizi, mtu wa kutunza ahadi. “Dada yangu, saa sita hiyo. Vipi chumba?”

“Mpe huyo muuguzi,” Bi Stoo akasema. “Mpe leo hii.”

Binti akakata simu, akakunja uso. “Chumba gani?”

“Changu cha zamani. Kule hospitalini.”

“Ulikuwa bado unacho?”

“Nilikuwa nacho.”

Binti alivuta soksi moja kutoka mapajani mwa Bi Stoo, akaitazama, akairudisha. Hakuwa mjinga, alielewa maana ya mtu mwenye mume kuwa na chumba pembeni, na Bi Stoo alimwona akielewa.

“Kuna nini humo ndani?” akauliza mwishowe.

“Hakuna kitu. Kitanda ni cha hospitali. Kuna pasi yangu tu.”

“Pasi gani? Ya umeme?”

“Ya umeme.”

“Nzima?”

“Nzima.”

Binti akasimama peku, mikono kiunoni.

“Una pasi! Una pasi nzima, umeificha huko miezi mitano, na mimi sketi hii nimeilalia chini ya godoro siku mbili! Ile ya kwetu Baba kaifungua! Nyuzi zake kazitia kwenye jiko la watu! Mama, una roho mbaya wewe!”

“Hukuniambia kama huna pasi.”

“Na wewe hukusema kama unayo!”

Mlinzi kule getini aligeuka kuwatazama. Bi Stoo alipangusa macho kwa nyuma ya mkono, viatu vikiwa bado vinaning'inia vidoleni, na binti akajifanya hakuona.

“Haya inuka,” akasema. “Twende tukaichukue kabla huyo muuguzi hajaingia.”